Mzizi Hulipa Kwanza

Shamba linaweza kuwa na nitrojeni maelfu ya kilo kwa hekta, karatasi ya maabara ikathibitisha hivyo, na bado mahindi yaliyosimama juu yake yakawa ya njano. Karatasi haijadanganya. Nitrojeni ipo, ila zaidi ya asilimia 90 imefungwa ndani ya mabaki ya viumbe na miili ya vijidudu, wakati mzizi unataka hasa nitrati au amonia iliyoyeyuka kwenye maji. Kwa hiyo ukisimama mbele ya shamba kama hilo, jiulize kwanza: chakula hiki kimeshikwa na nani, na anadai nini ndipo akiachie? Mara nyingi aliyekishika ni bakteria au kuvu, na anachodai ni kaboni.

Mmea unayo kaboni. Huitengeneza kwa mwanga wa jua, huishusha mizizini, na sehemu yake huiachia udongoni: sukari, amino asidi, tindikali kama ya sitriki na ya maliki, pamoja na ute unaotoka kwenye ncha ya mzizi. Mmea mchanga hutoa sehemu kubwa zaidi ya mapato yake kuliko ule unaojaza punje, na ndiyo maana wiki za mwanzo zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mjerumani Lorenz Hiltner alieleza ukanda huu unaouzunguka mzizi mwaka 1904. Unene wake ni milimita chache tu, lakini bakteria waliomo kwa kawaida ni mara 10 hadi 100 ya wale walio kwenye udongo wa pembeni.

Ukanda huo unaonekana kwa macho. Chimba mche wa mahindi, mtama au uwele wenye wiki tatu hivi, udongo ukiwa na unyevu wa wastani, uunyanyue polepole kwa sepeto, kisha uutikise. Mizizi itabaki imevaa koti la chembe za udongo, isipokuwa ncha, sentimita moja au mbili za mwisho, ambayo ni nyeupe na tupu. Koti hilo ni vinyweleo vya mzizi vikishikana na ute na gundi ya bakteria. Mizizi ya nafaka ikitoka mitupu kuanzia juu hadi chini, usikimbilie kulaumu mbegu. Chunguza kwanza kama udongo umeshikana, umejaa maji au umezidi tindikali, maana alumini inayoyeyuka kwenye tindikali huviza ncha za mizizi na kuzifanya fupi na nene.

Sasa sukari imemwagwa. Bakteria wanaila, ila sukari haina nitrojeni ndani yake, na bila nitrojeni hawawezi kuongezeka. Basi hutoa vimeng'enya na kuvunja mboji kongwe iliyo jirani ili kupata nitrojeni. Wengi huona hapo ndipo kazi inapoishia, na hapo ndipo wanapokosea hesabu: nitrojeni hiyo imeingia kwenye miili ya bakteria, haijafika kwa mmea. Inayofuata ni hatua ya kuliwa. Protozoa, viumbe vya seli moja, na minyoo duni isiyoonekana kwa macho (nematodi), wanaokula bakteria, humeza chakula chenye kaboni 5 hivi kwa nitrojeni 1. Kaboni nyingi huiteketeza kwa kupumua, nitrojeni inawazidi, wanaitoa kama amonia. Inatoka palepale, milimita moja au mbili kutoka kwenye vinyweleo vya mzizi.

Hatua hii ikikwama, rutuba hukwama nayo. Protozoa huogelea kwenye utando wa maji ndani ya vitundu vya udongo. Udongo uliokanyagwa na matrekta au ng'ombe hupoteza vitundu vikubwa kwanza, na bakteria hubaki salama kwenye vitundu vidogo ambamo mlaji haingii. Hali kadhalika kwenye ukame: bakteria wapo, walaji wamelala. Na anayemwaga dawa ya minyoo shamba zima kwa sababu ya minyoo fundo, inayovimbisha mizizi, kwenye nyanya ajue kwamba anaua pia ile inayomtolea amonia bure. Zipo hali zinazolazimisha dawa, lakini si kwa mazoea.

Hesabu ya kaboni na nitrojeni inastahili kufanywa kwa kalamu angalau mara moja. Mwili wa vijidudu una kaboni 8 hivi kwa nitrojeni 1. Katika kaboni wanayokula, theluthi moja hujenga mwili na theluthi mbili hutoka kama hewa ya ukaa. Kwa hiyo chakula kinachowatosha bila kukopa wala kubakiza ni chenye kaboni 24 kwa nitrojeni 1. Majani mabichi ya jamii ya kunde yana 15 hadi 20, samadi ya ng'ombe iliyokaa iko karibu na 20, mabua ya mahindi yaliyokauka yanafika 60, na maranda ya mbao hupita 400.

Chukua kilo 1,000 za mabua makavu. Kaboni ni kama asilimia 40, yaani kilo 400. Kwa uwiano wa 60, nitrojeni iliyomo ni kilo 6.7. Vijidudu wakiyala yote wanahitaji 400 kugawa kwa 24, yaani kilo 16.7. Upungufu ni kilo 10, na watazichota kwenye udongo kabla mzizi haujafika, kwa kuwa wao wako kila mahali na wanakua haraka kuliko mzizi. Kilo 10 za nitrojeni ni sawa na karibu kilo 22 za urea. Aliyefukia mabua leo na kupanda kesho ameziondoa kilo hizo mezani kwa wiki kadhaa. Zitarudi vijidudu wakiishiwa chakula na kufa, ila mahindi hayasubiri. Dalili zake ni majani ya chini kuwa ya njano kwa umbo la V, kuanzia nchani kufuata mshipa wa kati, huku machipukizi ya juu yakibaki ya kijani.

Mabua yakibaki juu kama matandazo, shida hupungua sana, kwa sababu kinachooza ni tabaka jembamba tu linalogusa udongo. Ukilazimika kuyafukia, fanya hivyo udongo ukiwa na unyevu na uache wiki 4 hadi 6 kabla ya kupanda, au uyachanganye na majani ya kunde, samadi au nitrojeni ya dukani kwa kiasi cha upungufu ulioukokotoa. Kuyafukia kiangazi ukidhani yataoza kabla ya mvua ni kujidanganya. Bila maji hakuna anayekula, na kazi yote itaanza siku ileile mbegu inapoota.

Kiangazi kina jambo jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950, H. F. Birch, aliyefanya utafiti wake Muguga nchini Kenya, alieleza kinachotokea udongo mkavu unapolowa: ndani ya siku chache hewa ya ukaa hufoka na nitrojeni iliyofungwa huachiliwa kwa wingi. Ukavu umeua sehemu ya vijidudu na kupasua mabonge, na waliobaki wakipata maji hula mizoga ya wenzao pamoja na mboji iliyokuwa imejificha. Jinsi kiangazi kinavyokuwa kirefu, ndivyo mfumuko unavyokuwa mkubwa. Kwa mkulima maana yake ni moja: mvua za kwanza hubeba mbolea isiyolipiwa, nayo haikai. Anayepanda mapema huikuta. Anayechelewa wiki tatu anakuta imeshuka chini na maji au imeliwa na magugu. Sioni ushauri mwingine wa kilimo wenye gharama ndogo na faida kubwa kama huu wa kuwa na mzizi ardhini mapema.

Sababu ya kushuka ni chaji. Amonia ikiyeyuka kwenye maji ya udongo huwa amoniamu yenye chaji chanya, hivyo hushikwa na mfinyanzi na mboji. Bakteria wa jamii ya Nitrosomonas na wenzao huigeuza kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na katika safari hiyo tindikali huzaliwa. Nitrati ina chaji hasi, udongo mwingi hauishiki, mvua ikizidi inaondoka nayo. Mbolea za amonia zikirudiwa miaka mingi bila chokaa huchachusha udongo kwa njia hiyohiyo. Na pale shamba linapotuama maji, oksijeni ikiisha, bakteria wengine hupumua kwa kutumia nitrati yenyewe na kuirusha hewani kama gesi. Mahindi yakiwa ya njano siku chache baada ya mafuriko, kutupia urea juu ya tope ni hasara. Toa maji kwanza, subiri udongo upumue, ndipo uweke.

Urea yenyewe inahitaji vijidudu. Kimeng'enya kiitwacho urease huivunja kuwa amonia ndani ya siku chache, na kimejaa zaidi kwenye mabaki ya mimea kuliko kwenye udongo mtupu. Urea iliyorushwa juu ya matandazo yenye unyevu siku ya jua kali hupotea hewani kuliko ile iliyofukiwa. Sukuma matandazo pembeni, weka, funika kwa sentimita 5 za udongo, rudisha matandazo. Kazi inaongezeka, najua, ila harufu kali ya amonia shambani ni fedha inayopaa.

Jamii ya kunde ina mkataba wa aina yake, na unaweza kukaguliwa kwa ukucha. Mzizi hutoa kemikali zinazotambuliwa na bakteria waitwao rizobia, nao hujibu kwa kemikali zao, unyweleo hujikunja na kuwafungia ndani, kisha kinundu huota. Kinaonekana wiki 2 hadi 3 baada ya mche kuchomoza, na kazi ya kugeuza hewa ya nitrojeni huwa kwenye kilele karibu na kipindi cha maua. Huo ndio wakati wa kukagua. Usivute mmea kwa mkono, vinundu vitabaki ardhini na utadhani havikuwapo. Chimba duara sentimita 15 kutoka kwenye shina, nyanyua bonge zima, lizamishe kwenye ndoo ya maji, subiri udongo uachie wenyewe.

Kisha pasua vinundu kadhaa. Wekundu au uwaridi ndani ni dalili ya kazi, kwa sababu kuna kemikali jamii ya ile ya damu inayodhibiti oksijeni ili isiharibu kimeng'enya cha nitrojeni. Weupe maana yake kinundu ni kichanga, au bakteria waliomo wanakula bila kulipa. Ukijani au ukahawia ni uzee. Vinundu vichache vikubwa vyekundu karibu na shingo ya mzizi ni bora kuliko vingi vidogo vyeupe vilivyotawanyika. Usivichanganye na mafundo ya minyoo: kinundu kimeshikizwa ubavuni mwa mzizi na hubanduka ukikisugua kwa kidole, fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba na halibanduki.

Vinundu vikikosekana, sababu za kawaida ni nne. Udongo unaweza kuwa na nitrati nyingi, mmea ukaona hakuna haja ya kulisha wapangaji, hali inayoonekana mahali samadi imemwagwa kupita kiasi. Udongo unaweza kuwa umezidi tindikali, pH ikiwa chini ya 5.5, ambapo molibdeni inayohitajika na kimeng'enya huwa adimu na rizobia wengi hudhoofika. Fosforasi inaweza kuwa haba, maana kugeuza nitrojeni hula nishati nyingi mno na nishati hiyo hupitia kwenye fosforasi. Au bakteria wanaofaa hawapo kabisa. Kunde, karanga na choroko hazichagui sana, hupokea rizobia wengi wa mahali popote. Soya huchagua. Kwenye ardhi ambayo haijawahi kulimwa soya, bila kuchanganya mbegu na unga wa bakteria wake unaweza usipate kinundu hata kimoja. Maharage yenyewe ni mvivu: hata akiwa na vinundu huwa nyuma ya soya na kunde.

Kuhusu unga huo, makosa hutokea mikononi mwetu, si kiwandani pekee. Bakteria ni hai. Pakiti iliyokaa kwenye dashibodi ya gari mchana mmoja huenda imekufa. Kipimo cha kawaida ni gramu 10 kwa kilo 1 ya mbegu, ingawa lazima usome pakiti. Lowesha mbegu kwa maji ya sukari au gundi, mililita 20 hadi 30 kwa kilo, ziwe na unyevunyevu tu bila kuvimba. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku kucha au tumia ya mvua. Nyunyiza unga, geuza taratibu kivulini mpaka kila mbegu ivae weusi, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu na funika mara moja. Mbegu iliyokwisha kupakwa dawa ya kuvu, au inayogusana na mbolea ya chumvichumvi ndani ya shimo, inawaua kabla hawajaanza. Panda pia mstari mmoja bila unga, uwe wa mwisho kuchanganywa ili mikono isiupake. Bila mstari huo hutajua kama unga ulifanya kazi.

Watu wengi husema maharage hulisha mahindi yaliyo jirani. Msimu huohuo hulisha kidogo sana. Nitrojeni ya kinundu hupanda juu kwa mmea mwenyewe, na sehemu kubwa huishia kwenye mbegu. Kinachobaki kwa zao la baadaye ni majani yaliyoanguka, mashina na mizizi ikioza. Ukiyang'oa yote, ukapura nyumbani na kulisha mifugo, shamba linaweza kuwa limepoteza nitrojeni kuliko lilivyopata. Kata shina usawa wa ardhi badala ya kung'oa, na rudisha maganda na mabua ukishapura.

Fosforasi ni hadithi ya umbali. Haitembei: husogea milimita chache tu kwenye udongo, hivyo mzizi hunyonya iliyo karibu na kubaki umezungukwa na ukanda mtupu. Kwenye udongo mwekundu, chuma na alumini huikamata. Mmea hujibu kwa njia mbili. Hutoa tindikali na vimeng'enya vya kuifungua, au huajiri kuvu wa mikoriza. Nyuzi za kuvu huyo ni nyembamba kuliko unyweleo wa mzizi, huingia kwenye vitundu ambavyo mzizi hauingii, husambaa sentimita kadhaa nje ya ukanda mtupu, na hurudi na fosforasi na zinki. Malipo ni sukari na mafuta, kwa makadirio mengi hadi asilimia 20 ya kaboni ya mmea. Ni bei kubwa, kwa hiyo mmea ukimwagiwa fosforasi nyingi huwapunguzia kazi.

Mihogo na vitunguu, vyenye mizizi minene na vinyweleo vichache, huwategemea sana kuvu hawa. Kabichi, sukuma wiki, haradali, spinachi na jamii ya mchicha hawawaajiri au huwaajiri kwa nadra. Hii ina maana kwenye mzunguko wa mazao. Kuvu huyu hawezi kuishi kwa kula mabaki, lazima awe na mzizi hai. Baada ya msimu mrefu wa kabichi, au ardhi iliyoachwa tupu bila hata nyasi, mahindi yanayofuata huweza kuonyesha majani ya zambarau ya njaa ya fosforasi ingawa kipimo cha udongo ni kizuri. Pitisha kunde, mtama au viazi vitamu katikati. Kulima kwa kugeuza udongo mara kwa mara hukata mtandao wa nyuzi, kila mara ukaanza upya.

Kwenye trei za miche zenye udongo uliochemshwa, kuvu hayupo. Wapo wanaoongeza konzi ya udongo kutoka chini ya nyasi zenye afya, na inasaidia. Kamwe usiutoe penye nyanya, biringanya, pilipili au viazi: utaleta mnyauko wa bakteria na minyoo fundo kwa mkono wako mwenyewe.

Mzizi humwita kuvu huyo kwa kemikali, na wito wenyewe una hatari. Mzizi wenye njaa ya fosforasi hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni, ambazo mwaka 2005 zilithibitishwa kuwa ndizo zinazochochea nyuzi za mikoriza kutoa matawi. Kemikali hizohizo huamsha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, mtama na uwele. Kadiri udongo unavyochoka ndivyo mmea unavyoita kwa sauti kubwa, na kiduha husikia. Kung'oa kiduha bila kurudisha fosforasi na nitrojeni ni kazi isiyo na mwisho.

Mikoriza haionekani kwa macho. Uzi mweupe unaouona kwenye mabaki yanayooza mara nyingi ni kuvu mwingine, mla mabaki. Shule yenye hadubini inaweza kuwaona wale wa kweli: chemsha mizizi myembamba iliyooshwa dakika chache kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 mpaka ing'ae, ukiwa na glavu na miwani kwa kuwa inaunguza. Isuuze, ichemshe dakika 3 kwenye siki yenye wino mweusi asilimia 5, kisha iloweke dakika 20 kwenye maji yenye matone ya siki. Wino utabaki kwenye kuvu.

Kwa wasio na hadubini, kitambaa cha pamba tupu kinatosha kulinganisha sehemu mbili za shamba. Kata vipande sawa kutoka kwenye kitambaa kimoja, zika kwa kina cha sentimita 15 udongo ukiwa na unyevu, weka vijiti vya alama, fukua baada ya wiki 8. Kilichobaki nyuzi chache tu kimekaa penye walaji wengi. Kinachotoka kizima kimekaa penye ukavu, tindikali, mshikamano au njaa ya nitrojeni, na itabidi uchimbe kujua ni kipi. Ukikuta harufu ya mayai viza, maji yametuama hapo: anza na mfereji, chupa za vijidudu zinazouzwa zisubiri.